Joto na unyevu huendelezaje mzunguko wa Madden-Julian?

Mkaazi wa Kasarani: Wenzangu, watabiri wa hali ya hewa huutaja mzunguko huu, yaani eneo kubwa la mawingu na mvua linalosafiri kuelekea mashariki katika ukanda wa tropiki, wanapoeleza mvua za masika hapa Nairobi. Ni nini hulizuia eneo hilo kubwa la mawingu lisififie baada ya siku chache kama dhoruba ya kawaida?

Mwalimu wa Jiografia: Nguvu yake hutoka kwenye mvuke. Kilo moja ya mvuke inapogeuka kuwa matone huachilia takriban jouli milioni 2.5 za joto, ambalo huifanya hewa ipande zaidi, na hewa inayopanda huvuta pepo za chini zilizobeba unyevu mwingine kutoka baharini. Aidha, mawingu mapana ya juu hupunguza joto linalopotea kuelekea anga za mbali.

Msomaji wa Anga: Ni kweli, ila hilo pekee halielezi safari yake ya kuelekea mashariki. Unyevu hujikusanya mbele ya mvua, upande wa mashariki, ilhali nyuma yake hewa huwa kavu zaidi. Ndiyo maana mawingu husogea kwa takriban mita 5 kwa sekunde na kurudia kila siku 30 hadi 60 hivi. Wanasayansi Madden na Julian waliueleza mzunguko huu mwaka 1971, na wataalamu wangali wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu. Mimi naupa unyevu nafasi ya kwanza.

Mkaazi wa Kasarani: Je, ulihusika na mvua kubwa za Machi 2018?

Mwalimu wa Jiografia: Ulichangia, naam, awamu yake yenye mvua ilikuwa Bahari ya Hindi.