Naombeni ushauri: nimvalishe gomesi tomboi wangu au nimwache na ovaroli?

Mwandishi_Walukuba:
Wanajamvi, habari za jioni. Naandika riwaya ya mapenzi ya vijana, nyepesi, ya kuchekesha. Nataka msomaji aifungue akipanda taksi Jinja, na foleni ya Mukono imsaidie kuimaliza.

Mhusika wangu ni Rehema, miaka 19. Amemaliza S6, yaani kidato cha sita, anasubiri chuo kifunguliwe Agosti. Wenzake wako saluni. Yeye yuko gereji ya mjomba wake hapa Walukuba, ovaroli kaikunja hadi magotini, anafungua pikipiki za Boxer za watu wa boda. Akipanda boda anakaa kiume, si upande kama dada zake. Halafu kuna Isma wa steji, kijana mpole, ambaye huleta pikipiki gereji hata ikiwa haina ubovu wowote.

Sura ya mwisho ni kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ya dada mkubwa wa Rehema. Senga kasisitiza: gomesi, hakuna mjadala. Isma yuko kwenye msafara wa bwana harusi, kanzu na koti. Rafiki yangu aliyesoma mswada anasema hapo ndipo Isma amwone, apigwe na butwaa, ampende. Moyo wangu unakataa ila hoja sina. Mnasemaje?

MamaShani_Bombo:
Mwanangu, hoja umeiandika mwenyewe. Kijana anayepeleka pikipiki nzima kwa fundi kashapenda zamani! Ukimfanya apende siku ya gomesi, zile sura zote za grisi zitakuwa za kusubiria nguo tu. Mvalishe, sikatai. Lakini siku hiyo mwenye shida awe Rehema, si Isma.

Kijana_Kisenyi:
Napinga. Watu wanapenda kuona msichana akibadilika. Dada zangu hupiga kelele sebuleni pale msichana wa kwenye filamu anapotokea na gauni. Mbona mnawanyima raha?

Binti_Likoni:
Samahanini, sisi wa Pwani huku: gomesi ndiyo nini? Na senga?

MamaShani_Bombo:
Senga ni shangazi, dada wa baba, ndiye anayemfunda msichana. Gomesi ni vazi refu hadi chini, shingo ya mraba, mabega yamechongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno, ncha zikining'inia mbele. Ndani unajifunga kikoi ili nguo isikushike mwili. Ukiwa hujaizoea, kupiga magoti na kuinuka ni kazi. Rehema atawapigia magoti wageni wote wale! Kichekesho chako kiko hapo, na sijaona hata mstari mmoja.

FundiPlagi_Katwe:
Mimi mapenzi siyajui, pikipiki nazijua. Ile sehemu uliyobandika juzi, Rehema anaosha kabureta kwa maji ya sabuni. Dada, hapana. Inaoshwa kwa petroli, halafu jeti unazipuliza kwa kompresa, maana tundu zake ni ndogo na uchafu kidogo tu unaziba. Pikipiki ikigoma kuwaka, kwanza achomoe plagi aitazame: nyeusi yenye masizi makavu, inapata petroli nyingi kuliko hewa. Na mikono yake isinukie maua. Sisi tunanawa kwa Omo na mchanga, na bado weusi unabaki kwenye kucha. Senga ataiona tu.

Mwandishi_Walukuba:
Fundi, hizo kucha nazichukua leo leo. Senga anamfichia mikono ndani ya mshipi!

Mzee_Mswada:
Nyongeza. Kwanjula ina uhondo wake hata bila mapenzi: wasemaji wawili wanatupiana mafumbo, wageni wanatozwa faini kwa kila kosa, wasichana wanatoka makundi kwa makundi wakicheza. Tumia hivyo. Jenereta izime katikati ya maneno, msemaji abaki anafungua mdomo kama samaki, mafundi wote wa mtaa wamevaa kanzu na hakuna anayetaka kuchafuka. Na atakayemnong'oneza Rehema "nenda" awe senga yuleyule. Isma asiokoe chochote, amshikie ncha za mshipi tu.

Kijana_Kisenyi:
Mzee, msichana kutengeneza mashine akiwa na nguo ya sherehe nayo tumeichoka.

Mzee_Mswada:
Tumeichoka akifanikiwa. Ashindwe basi. Jenereta si Boxer.

MamaShani_Bombo:
Hahaha, ashindwe, msemaji amalizie kwa kupiga kelele! Mswada ukikamilika, dada, nenda FEMRITE pale Kamwokya, Kampala. Ni chama cha waandishi wanawake, wanasomeana kazi na kuambiana ukweli. Wengi huko wanaandika Kiingereza, lakini usiogope.

Mwandishi_Walukuba:
Asanteni sana. Nimeamua: Isma anatamka mapenzi yake sura ya sita, gerejini, akiwa na rolex, ile chapati ya mayai, mkononi, na Rehema anamjibu kwa kumtoza hela ya kuchunguza pikipiki isiyo na ubovu. Gomesi inabaki, jenereta inazima, na haiwaki. Kilichonikwama sasa ni senga: nilimwandika kama adui tangu mwanzo, na huo mnong'ono wa Mzee utaonekana umeanguka kutoka mbinguni.

Binti_Likoni:
Mpe pikipiki mbovu sura ya tatu. Aje gereji usiku, peke yake, asitake mtu ajue kwamba anaendesha.

FundiPlagi_Katwe:
Na akae kiume.

Kijana_Kisenyi:
Sawa, hapo mmenipata. Lakini picha ya jalada awe na gomesi.