Naomba ushauri: nihamie kijijini kwa mke wangu, chini ya Mlima Rinjani, Indonesia?

Dereva wa Ruwi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni Mshambaa wa Lushoto, ninaendesha gari hapa Muscat, na mkataba wangu unaelekea ukingoni. Mke wangu ni Msasak wa kisiwa cha Lombok, Indonesia, kutoka bonde la Sembalun, lililo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rinjani wenye mita 3,726. Tulikutana hapa Oman alipokuwa akifanya kazi za ndani. Sasa amekwisha kurejea kwao, na anataka nimfuate tukalime.

Kijiji nimekiona kwa macho yangu, kwa kuwa nilikwenda likizo mwezi wa Februari. Ukitoka Mataram unapita nchi ya mpunga, kisha gari linapanda msitu wa Pusuk kwa kona kali, nyani wamekaa kando ya barabara wakisubiri kutupiwa chochote, na ukifika juu unaliona bonde lote limejaa mashamba madogo madogo ya kitunguu saumu, viazi, karoti, kabichi na stroberi. Baridi yake ni ya Lushoto kabisa. Shemeji yangu, ambaye huwabebea mizigo wapanda mlima, alinipandisha hadi ukingo wa kreta, nikaliona ziwa la Segara Anak.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: vijana wa pale wamekwenda Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, dada zao wako Saudia, na karibu kila nyumba nzuri niliyooneshwa ilijengwa kwa fedha zilizotumwa kutoka nje. Kama kijiji kinalipa, mbona wenyewe wanakikimbia? Naomba wenye uzoefu wanieleze iwapo mgeni anaweza kujenga maisha huko, na kama kitunguu saumu kina faida kuliko viazi.

Mbulu Juu

Ndugu, umegusa zao langu. Sisi wa Mbulu tumelima kitunguu saumu tangu enzi za wazee wetu, na adui wetu si mdudu wala ukungu bali bei. Ukivuna wewe, na jirani amevuna, na shehena ya nje imeshushwa bandarini wiki hiyohiyo, dalali anakutajia bei huku akitazama pembeni. Nimewahi kurudisha magunia nyumbani kutoka mnadani kwa sababu nauli ya lori ilikuwa inazidi nilichoahidiwa.

Hao wa Indonesia yamewakuta makubwa zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 nchi yao ilikuwa karibu ijitosheleze kwa kitunguu saumu, na Sembalun ilikuwa miongoni mwa mabonde yaliyotajirika kwacho. Uchumi ulipoanguka mwaka 1998, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakafungua milango, kitunguu cha China kikaingia, na leo zaidi ya asilimia 90 ya kinacholiwa nchini humo kinatoka nje. Kwa hiyo swali lako la kwa nini vijana wamekwenda Malaysia, sehemu ya jibu ndiyo hiyo.

Mpagazi Mstaafu

Mimi sijui kilimo, ninajua mlima. Nilibeba mizigo Kilimanjaro kwa njia ya Machame hadi magoti yalipokataa, na nimewahi kuongoza mgeni aliyekuwa ametoka kupanda Rinjani. Alinionesha picha za wapagazi wa huko wakibeba vikapu viwili vilivyoning'inizwa kwenye mti wa mwanzi begani, miguuni wamevaa kandambili. Sisi angalau mzigo una kikomo cha kilo 20 na kuna mizani getini. Usije ukadhani utalii utakuokoa kilimo kikigoma, kwa sababu anayebeba mzigo ndiye wa mwisho kuiona fedha ya mgeni, kule na huku.

Mwalimu wa Jiografia

Mnajadili vitunguu na kuusahau mlima wenyewe. Ndugu mwuliza swali anapaswa kujua kwamba pembeni ya Rinjani palikuwa na volkano iliyoitwa Samalas, ambayo mwaka 1257 ililipuka kwa nguvu kubwa kiasi kwamba chembe zake zimekutwa ndani ya barafu ya Greenland na ya Antaktika. Hilo ziwa alilooneshwa limo katika shimo la mlipuko ule. Na si habari ya kale tu: tarehe 29 Julai 2018 tetemeko la ukubwa wa 6.4 liliipiga Sembalun na mamia ya wapanda mlima wakakwama juu, kisha tarehe 5 Agosti likaja kubwa zaidi, la karibu 7.0. Waliokufa kisiwani katika mfululizo ule walipita 500. Nyumba za matofali zilianguka. Zilizosalimika zaidi ni zile za zamani za mbao na mianzi. Kabla ya kuuliza bei ya kitunguu, uliza utalala chini ya paa la namna gani.

Msomi wa Jogja

Nilisoma Yogyakarta kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia na nilitembelea Lombok nikiwa huko. Yaliyosemwa juu ya bei na matetemeko ni ya kweli, lakini si kila kitu ni giza. Viazi vya aina ya Atlantic hulimwa Sembalun kwa mkataba wa kiwanda cha krispi, na mwenye mkataba anaijua bei kabla ya kupanda. Siku za mwisho wa wiki familia kutoka mijini hupanda kuja kupiga mahema na kuchuma stroberi, hivyo mwenye chumba cha ziada na bafu safi hapati shida ya wageni.

Swali langu ni moja, kaka. Shamba ni la nani? Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1960 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi kwa haki kamili, na mkataba wa kuazima jina la mwenyeji ni batili mbele ya sheria.

Dereva wa Ruwi

Nawashukuru nyote. Shamba lipo, na halina mgogoro.

Msomi wa Jogja

Sikuuliza kama lina mgogoro. Nimeuliza hati ina jina la nani.

Dereva wa Ruwi

Lina jina la shemeji, yule mbeba mizigo. Fedha nilimtumia kwa awamu, na eneo si kubwa. Nilifanya hivyo kwa kuwa niliambiwa kwamba likiandikwa kwa jina la mke wangu linaweza kuja kuleta matatizo kwa sababu ameolewa na mgeni. Shemeji ni mtu wa msikitini, na mimi nimeishi na watu wa mataifa mengi kiasi cha kumtambua mwongo. Tuendelee na suala la zao.

Msomi wa Jogja

Uliyeambiwa naye alikueleza nusu ya jambo. Ni kweli kwamba mali inayopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, na kwa hiyo Mwindonesia aliyeolewa na mgeni huzuiwa kushika hati kamili. Lakini dawa yake ni mkataba wa kutenganisha mali, na hukumu ya Mahakama ya Katiba iliyosomwa mwaka 2016 iliruhusu wanandoa kuuandika hata baada ya kuoana. Mngeuandika huo, shamba likawa la mkeo, na shemeji asingekuwa na nafasi yoyote katika habari hii. Ila ili uandikwe, lazima pawe na ndoa iliyosajiliwa. Mlifunga wapi, na cheti mnacho?

Dereva wa Ruwi

Tulifunga hapa Muscat, mbele ya shehe na mashahidi, na walii wake aliwakilishwa kwa simu. Cheti cha serikali hatuna. Ndoa ni kwa mujibu wa dini, na mbele ya Mwenyezi Mungu imekamilika.

Ustadh wa Pangani

Ndoa ya namna hiyo, kama sharti la walii lilitimizwa sawasawa, sitaitia kasoro humu mtandaoni. Lakini, mwanangu, Sharia hiyohiyo inatuamuru tuandike hata deni dogo. Vipi uandikiane na tajiri wako mkataba wa kuendesha gari, halafu haki ya binti wa watu uiache mikononi mwa mashahidi ambao mikataba yao Oman ikiisha watatawanyika?

Dada wa Ngamiani

Mimi nina swali ambalo wanaume wote humu wamelikwepa. Mwezi wa Februari ulikuwa kijijini kwao, pamoja na wazazi, na ofisi ya kusajili ndoa za Kiislamu ipo katika kila tarafa ya Indonesia. Kwa nini hamkusajili?

Dereva wa Ruwi

Likizo ilikuwa fupi. Mgeni hutakiwa cheti kutoka ubalozi wa nchi yake kinachothibitisha kwamba hana kizuizi cha ndoa, na vyeti hivyo huchukua muda.

Dada wa Ngamiani

Na wewe kizuizi unacho?

Dereva wa Ruwi

Nina mke Lushoto na watoto, ambao wanahudumiwa kila mwezi bila kukosa. Sikulitaja kwa sababu halihusiani na kilimo. Dini yangu inaniruhusu, uwezo ninao, na wa Sembalun alilijua hilo tangu mwanzo.

Dada wa Ngamiani

Wa Sembalun alijua. Nami naulizia wa Lushoto.

Msomi wa Jogja

Sasa picha imekamilika, na naomba nieleze bila kuhukumu. Sheria ya Ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974 humtaka mwanamume anayeongeza mke apate ruhusa ya mahakama, na mahakama hutaka ridhaa ya mke aliyepo. Bila ruhusa hiyo ndoa yako haisajiliwi. Bila usajili hupati kibali cha kuishi nchini kama mume wa raia, yaani ile KITAS ya familia, na utabaki kuingia kwa viza ya matembezi ambayo haikuruhusu kushika jembe kwa kazi ya kipato. Na bila usajili huo mkataba wa mali haupo, hivyo shamba linabaki la shemeji leo na la watoto wake kesho. Wewe ulikuja kuuliza kuhusu kitunguu saumu, lakini kila mlango unaoubisha kule utaulizwa habari za Lushoto.

Mpagazi Mstaafu

Kumbe mzigo mzito ulikuwa umebaki getini, na sisi tulikuwa tunapima vikapu.

Shahidi wa Pembeni

Samahani, nasoma uzi huu tangu asubuhi na nina mashaka na msimulizi. Kwanza, Indonesia ilipiga marufuku mwaka 2015 wanawake wake kupelekwa kazi za ndani Mashariki ya Kati, na Oman imo katika orodha hiyo. Huyu mke alifikaje? Pili, njia za Rinjani kwa kawaida hufungwa kuanzia Januari hadi Machi kwa sababu ya mvua, naye anatuambia alipandishwa hadi ukingo wa kreta mwezi wa Februari. Tatu, siri zinatoka moja baada ya nyingine kwa mpangilio mzuri mno. Nadhani tunasomeshwa hadithi, na mwenye hadithi anatafuta wasomaji.

Mama wa Mabela

Hilo la marufuku lisikusumbue, mwanangu. Mimi nimeishi Oman muda mrefu, na wasichana wa Lombok hawakuacha kuja hata siku moja. Waliingia kwa viza za matembezi kupitia nchi nyingine, na ubaya wa marufuku ile ulikuwa kwamba wakidhulumiwa mshahara hawakuwa na pa kwenda kulalamika. Nilikuwa na jirani wa aina hiyo, aliyekuwa akisomesha wadogo zake wawili na hajui sura ya mdogo wa mwisho. Hilo la mlima silijui.

Mwalimu wa Jiografia

Hilo la mlima lina uzito. Februari ni kilele cha masika kule, na ukungu hulifunika bonde lote.

Dereva wa Ruwi

Niitwe mzinzi au mwongo, lakini msinifundishe nilichokiona. Njia hufungwa kwa watalii wenye tiketi. Shemeji anaishi chini ya mlima ule, na wenyeji wana njia zao za kwenda kuvua samaki ziwani. Tulipanda usiku, ukungu ulifunguka kidogo alfajiri, nikaliona ziwa, kisha ukafunga. Asiyeamini na asiamini. Sikuja kuomba nauli kwa mtu.

Shahidi wa Pembeni

Basi weka picha.

Dereva wa Ruwi

Picha zina mke wa mtu ndani yake. Sitaziweka.

Msomi wa Jogja

Iwe kweli au hadithi, wako vijana wetu wengi wa Ghuba wenye jambo kama hili, na majibu yatawafaa. Kwako wewe, kaka, yapo mawili ya kufanya kwa mfuatano: zungumza na mkeo wa Lushoto, kisha nenda ubalozini. Fedha nyingine usitume kwanza.

Dereva wa Ruwi

Nimesikia, nawe nakushukuru kwa namna ya pekee. La Lushoto nitalizungumza nikirudi, ana kwa ana, kwa kuwa mambo hayo hayafanywi kwa simu. Hata hivyo mvua za Sembalun zinakatika karibuni, na shemeji anasema mbegu lazima iingie ardhini kabla udongo haujakauka, hivyo fedha ya mbegu imebidi niitume wiki hii. Siwezi kuacha shamba lilale. Kilichobaki ni hili la uhifadhi: Mbulu Juu, mnafanyaje kitunguu kisioze kabla bei haijapanda?

Mbulu Juu

Acha kumwagilia majani yakianza kuwa ya njano, ng'oa siku ya jua, usikate majani, funga mafungu na uyaning'inize kivulini penye upepo kwa wiki mbili au tatu. Kikikaushwa vizuri kinakaa miezi. Ila ghala liwe na ufunguo wako, na kwa jinsi ulivyoeleza, sijui ufunguo huo utaupataje ukiwa Muscat.