Tupeane uzoefu: mliosoma digrii huku mkiendelea na kazi ya uparamediki

Wakuu, salaam. Niko Texas, ni paramediki, mwaka wa saba huu ndani ya ambulensi. Zamu yetu ni saa 24 kazini, saa 48 nyumbani. Digrii ya afya ya jamii nimeimaliza juzi, na vijana wananiuliza nilipitaje. Naanza, nanyi mongeze.

Chuo cha kwanza kiliniambia nianze sawa na aliyetoka sekondari jana. Nikakubali bila kuhoji, nikalipa mihula miwili. Nikawa nakaa darasani nafundishwa kufunga jeraha, na usiku wa kuamkia siku hiyo nimemwekea mgonjwa mrija wa hewa kooni, gari liko barabarani. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenishtua: vyuo vingi huku vinatoa krediti, yaani vile vipimo vya masomo vinavyohesabiwa mpaka ufikie digrii, kwa cheti cha paramediki chenyewe. Digrii ya kwanza huku ni krediti 120. Chuo cha pili kilinipa 36 kabla sijafungua kitabu. Ile hela ya mwanzo inaniuma mpaka leo.

Kingine ni usingizi. Nilikuwa natoka zamu asubuhi naingia moja kwa moja kwenye takwimu. Nikafeli. Niliporudia somo nililala kwanza mpaka adhuhuri, nikafaulu.

Mchangiaji wa Minnesota
Kaka, hongera sana. Mimi nilitaka uuguzi, na hapo mambo ni mengine. Anatomia niliyosoma kwenye uparamediki waliikataa, wakataka ile yenye maabara, mihula miwili. Wengine hawapokei masomo ya sayansi yaliyopitiliza miaka kadhaa, kwa hiyo anayefikiria uuguzi asikae sana. Sosholojia niliikwepa kwa mtihani wa CLEP, ule unaoufaulu ukapewa krediti bila kukaa darasani, nikaokoa muhula. Na msisahau cheti chenyewe: kila miaka 2 unakihuisha, saa 60 za mafunzo. Mwaka wa tatu vyote viligongana, mama ndiye aliyekuwa analala na watoto wangu. Digrii ile ni yake pia.

Mchangiaji wa Dar es Salaam
Huku kwetu mimi ni muuguzi wa diploma, nimejiendeleza nikiwa kazini. Kinachokufungulia mlango wa digrii ni GPA ya diploma, yaani wastani wa alama zako, 3.0 kwenda juu. Nilikuwa na 3.2, nikashukuru Mungu kwamba sikuuchezea mwaka wa mwisho. Ruhusa ya masomo ilichelewa, nikaanza kwa kubadilishana zamu na wenzangu wawili: mimi usiku wao, wao mchana wangu. Bila wale wawili nisingefika popote, na sasa mmoja anasoma, nami nambebea zamu zake.

Mchangiaji wa Ohio
Wakuu, nina krediti 18 za zamani, za mwaka 2011, na cheti cha paramediki. Nianzie wapi?

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, agiza transkripti, ile orodha rasmi ya masomo na alama zako, ya kila chuo ulichowahi kusoma, hata kile ulichoacha njiani. Tuma pamoja na cheti kwa vyuo vitatu, uliza kila kimoja kitakupa krediti ngapi na zitaingia kwenye masomo gani. Krediti zinazokwenda kwenye masomo ya hiari tu zinaweza zisikupunguzie chochote. Jibu lije kwa barua pepe, si kwa simu. Usilipe hata senti mpaka ulione. Ukishapata majibu yaweke hapa, tutayasoma pamoja.