Kadeti wa miaka 15 aanzie Shaba au Fedha?

Mama Salim:
Assalam aleikum ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 15 na ni kadeti wa jeshi la nchi kavu hapa Uingereza. Mkufunzi wake amemshauri ajiandikishe katika Tuzo ya Duke of Edinburgh, ule mpango wa vijana wenye madaraja ya Shaba, Fedha na Dhahabu, na mafungu ya kujitolea, ujuzi, michezo na safari ya kulala porini, ingawa hakupitia daraja la Shaba. Je, anaweza kuanza moja kwa moja na Fedha, na mazoezi yake ya kila wiki kikosini yatahesabiwa, au ni mzigo mwingine juu ya mitihani? Hiyo safari ya kulala porini nayo inanitia wasiwasi.

Baharia Mstaafu:
Waaleikum salaam, dada. Kwa umri huo anaruhusiwa kuanza na Fedha, ila asiyepitia Shaba huongezewa miezi 6 katika kujitolea, au katika ujuzi ama michezo, kutegemea kipi amekipangia muda mrefu zaidi. Kila fungu huhitaji wastani wa saa moja kwa wiki, na mpira wa Jumamosi unatosha kabisa kwa fungu la michezo.

Kuhusu kikosi, wengi hudhani kwamba kuhudhuria gwaride peke yake ni kujitolea, na sivyo. Akiwafundisha kadeti wadogo kusoma ramani, huko ndiko kujitolea. Akijifunza kupiga ngoma katika bendi ya kikosi, huo ni ujuzi, mradi ajiwekee lengo tangu mwanzo na mtu anayeufahamu ujuzi huo athibitishe maendeleo yake. Mthibitishaji asiwe wewe wala mjomba wake, kwa sababu ndugu hawaruhusiwi.

Mkufunzi wa Zamani:
Naongezea kuhusu safari. Kwa Fedha ni siku 3 na usiku 2, katika kundi la vijana 4 hadi 7 wanaobeba wenyewe mahema, majiko na chakula, na kabla yake hufanya safari ya majaribio. Mtu mzima hatembei nao bega kwa bega, lakini msimamizi anaijua njia yao na huwasubiri mahali walipokubaliana. Kwa kuwa chakula wanakipanga na kukipika wenyewe, suala la halali lisikusumbue. Kinachowaumiza vijana ni viatu vipya, kwa hiyo avivae wiki kadhaa kabla, na soksi za akiba azifunge ndani ya mfuko wa nailoni.

Mama Salim:
Nashukuru sana. Na tukirudi Kenya kabla hajamaliza?

Baharia Mstaafu:
Hapotezi kitu, kwani Tuzo ya Rais, iliyoanza Kenya mwaka 1966, ni mpango huohuo wa kimataifa, na mwisho wa kukamilisha ni kabla hajatimiza miaka 25. Muhimu ni kwamba kumbukumbu zake ziwe zimethibitishwa kabla hamjaondoka, maana kumtafuta mkufunzi wa huko mkiwa tayari Nairobi ni kazi ngumu.