Elfu 20 nimelipa, nikapigiwa flashi! Taarab gani hii?

Assalaam alaykum jamani. Hasira haijanishuka bado, kwa hivyo atakayeona maneno makali anistahamilie au apite.

Juzi kulikuwa na usiku wa kufunga mwaka. Tangazo limebandikwa mji mzima hapa Unguja: taarab asilia, ala kamili. Mie na wenzangu watano tukashona sare, tukajifukiza, tukakodi gari kutoka Fuoni maana usiku ule daladala utaipata wapi. Tiketi elfu 20 kwa kichwa. Tumekaa tangu saa tatu kasorobo, pazia likafunguliwa saa nne na nusu. Hilo silalamikii, tumeshazowea.

Kutazama jukwaani: kinanda kimoja, dumbak moja, na kijana ameinamia kompyuta. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hamna. Fidla hamna. Udi upo, lakini umeegemezwa kwenye kiti kama pambo la arusi. Nikamwambia shoga yangu, labda wenyewe wanamalizia chai huko nyuma. Mara bashraf hiyo! Fidla zinalia ukumbi mzima na hakuna mkono unaosogea, kumbe ni rekodi inatoka kwenye flashi ya kompyuta. Jamani, bashraf haina maneno, ni ala tupu. Sasa ala zenyewe hazipo, sie tumekaa tunatazama nini?

Mwimbaji simsemi, sauti anayo na Mungu amzidishie. Tatizo lilikuja kwenye kutunza, kumpelekea mwimbaji pesa jukwaani. Mwenye kuijua taarab anajua: watu wakinyanyuka, wapigaji humtazama mwimbaji, mwimbaji huwatazama watunzaji, kiitikio kikarudiwa na kurudiwa mpaka noti ya mwisho imfikie. Flashi haimuoni mtu. Wimbo ukakatika mie nimo katikati ya foleni, noti ya elfu 10 nimeinyanyua juu, kimya. Nikarudi nayo kukaa. Na ubeti ule nilikuwa nautaka hasa, mbaya wangu niliyemkusudia kwa maneno yake alikuwa safu ya tatu na gauni lake la kijani. Asifurahi, mwakani nitamfikia.

Wimbo wa tatu ndio ulionitoa machozi. Ile fidla niliitambua. Mpigaji wake kafariki mwaka juzi. Wamemchukua kwenye rekodi, wamemuuza kwa tiketi, hata kumtaja na kumuombea dua hawakuona haja.

Mnajua taarab hii ilikotoka? Inahadithiwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim mpaka Cairo, mtu mzima avuke bahari akajifunze kanuni arudi nayo. Kundi la Nadi Ikhwan Safaa wanapiga tangu 1905. Mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake kutia sauti kwenye santuri. Wapigaji, nasema, watu wenye vidole! Leo hapa mjini, kutoka Vuga hadi Malindi mtu anatembea kwa miguu, na kanuni imeshindwa kuletwa.

Mwanangu anahudumia Wataliano huko Kiwengwa, akanihadithia mambo ya opera yao. Wale wanaimba bila ya maikrofoni, na ala ziko chini ya jukwaa zinapigwa kweli. Mwaka 2006 kwenye jumba la La Scala, Milano, mashabiki wa ghorofa za juu walimzomea mwimbaji Roberto Alagna kwenye opera ya Aida, baada ya wimbo wake wa mwanzo tu. Akageuka akatoka zake. Mwenzake, Antonello Palombi, akasukumwa jukwaani na nguo zake za kawaida, onyesho likaendelea. Na hiyo Aida, kwa taarifa yenu, ilianza kuonyeshwa Cairo, 1871, mji ule ule wa kanuni yetu. Wenzetu wanamzomea mtu anayeimba kweli, sie tunaipigia vigelegele kompyuta. Nasema sie, kwa sababu na mie nilipiga, kabla sijatanabahi.

Mwaka wenyewe haukuwa mbaya wote. Kuna arusi moja Bububu walileta kidumbak, taarab ndogo ya ala za kweli: sanduku la besi, vidumbak viwili, cherewa, fidla moja basi. Bure kabisa, na viatu tulivivua wenyewe.

Sasa mlangoni wakati wa kutoka, maneno yalikuwa mengi. Wengine wanasema wapigaji waligoma kwa kukatwa posho, wengine wanasema hawakuitwa kabisa, na yuko mmoja anaapa kuwa mpiga kanuni amechukuliwa na kundi jengine. Mie sikuwepo wakigombana, anayejua aseme. Lakini hata kama wamegoma, si mngebadilisha tangazo? Andikeni "flashi na kinanda, elfu 3", mtu achague.

Waandaaji mumo humu, majina yenu ya bandia tunayajua. Kipande cha tiketi ninacho, nataka elfu 20 yangu. Ile elfu 10 ya kutunza msiiulize, nimeilia pweza Forodhani usiku ule ule.