Forester, X-Trail au RAV4? Familia, safari za Lushoto, naombeni ushauri

Msambaa wa Tegeta (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijafanya uamuzi. Natafuta gari ya familia inayovuta kwa tairi zote nne. Kwetu ni Mtae, na ukishaiacha lami ya Lushoto, mvua ikinyesha ule udongo unakuwa mlenda. Desemba iliyopita tulilala njiani na watoto, gari ndogo ya kuazima imekwama. Sitaki yajirudie.

Nimebakiza tatu: Forester ya 2009, X-Trail ya 2010, na RAV4 ya 2008 rangi ya fedha, viti vya kitambaa bado safi, hapa nchini imetumiwa na mtu mmoja tu. Bajeti haivuki milioni 24. Ipi itanifikisha bila kunifilisi? Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa, usingizi sipati.

Boxer Damu
Forester, funga uzi. Subaru inagawa nguvu mbele na nyuma muda wote, haingoji tairi iteleze kwanza. Injini imelala, uzito uko chini, kona za Soni unazikata gari imetulia. Nilipanda nayo Matombo wakati wa masika, malori yamepaki pembeni, sisi tunapita tu.

Mzee wa Spea
Boxer, mweleze na upande wa pili. Forester ya 2009 chasisi yake ni SH5, injini EJ20, inatumia mkanda wa taiming, ule unaoendesha valvu. Ikifika kama kilomita laki moja mkanda unabadilishwa, ukikatika gari inatembea valvu zinapinda. Za kuanzia mwisho wa 2010 ndizo SHJ, injini FB20, hizo zina cheni badala ya mkanda. Halafu tairi: zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Ukifunga moja mpya na tatu kipara, mfumo wa kugawa nguvu unafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka mpaka uungue. Mwenye tabia ya kununua tairi mojamoja asiguse Subaru.

X-Trail ya 2010 nyingi ni CVT, gia otomatiki isiyo na hatua, inataka oili yake ya gia ya NS-2. Ukinunua kwa mtu aliyeiwekea oili ya otomatiki ya kawaida, umerithi msiba wake. RAV4 ya 2008 ni injini 2AZ, lita 2.4, cheni, kila fundi anaijua. Ila injini hiyo inajulikana kwa kula oili. Chomoa kijiti cha oili uangalie, muulize mwenyewe huwa anaongeza baada ya muda gani.

Nakuru Mjini
Huku Kenya gari ikizidi miaka minane hairuhusiwi kuingia, kwa hivyo hizo za 2008 ni zile zilizo nchini tayari. Sisi sasa ni Forester za karibuni na Outback. Mimi nilichukua Outback nikidhani nimejinunulia. Bibi (mke wangu) akaipenda, sasa yeye anaendesha, mimi napanda matatu kila asubuhi.

Mtu wa Bandarini
Usinunue yadi, agiza mwenyewe. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka mwaka na modeli uone kodi. Injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, kati ya cc 1000 na 2000 ni 5. Na ikizidi miaka minane kuna nyongeza ya uchakavu, hiyo ndiyo inayoumiza.

Neno la Leo
Ndugu yangu, watoto wana bima ya afya? Kiwanja unacho? Gari haizai, inakula. Milioni 24 ni msingi wa nyumba mpaka lenta.

Mama Wanne
Mkuu, nimesoma mara mbili. Forester umetaja mwaka tu, X-Trail mwaka tu. RAV4 umetaja rangi, viti na historia yake. Umeshaweka hela?

Msambaa wa Tegeta
Dada, si kununua. Nimetoa advansi tu ili isichukuliwe na mtu mwingine.

Mama Wanne
Kiasi gani, na kwa nani?

Msambaa wa Tegeta
Milioni 6. Yadi anayofanya kazi shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Ndiyo maana sikutaka kulitaja, ningejua mtaniandama. Lakini jamani, RAV4 spea zake ziko kila kona, ukiuza inauzika, na shemeji hawezi kuniuzia gari mbovu dada yake apande. Tena mwezi ujao mama yangu anashuka nasi kuja kliniki ya macho, gari nahitaji mapema.

Boxer Damu
Kumbe tulikuwa tunashauri maiti.

Konda Mstaafu
Biashara na shemeji ni ngumu. Mimi niliuziwa pikipiki na shemeji, kadi ikaja na jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua. Nilipodai, kikao kikaitwa ukweni, nikaambiwa namdhalilisha mtoto wao. Nilimaliza kulipa nikiwa natembea kwa miguu.

Neno la Leo
Hela ya ndugu ilipwe kwa maandishi na mashahidi wawili. Wazee hawakuwa wajinga.

Kitaa Kimya
Mimi hapa nanusa chai. Kulala njiani, shemeji, milioni sita, mama na kliniki, vyote kwenye uzi mmoja? Subirini, kesho atatokea mtu na "nina Forester safi sana, nitafute pembeni". Mleta uzi ni dalali.

Boxer Damu
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mtu wa Mtae gani hajui tofauti ya hizi gari?

Nakuru Mjini
Kama ni ya kutunga, ametunga vizuri, mama na macho!

Msambaa wa Tegeta
Nimeumia kuitwa dalali. Nimekuja kuomba msaada, nimejibu kila mlichouliza. Kadi ya gari ninayo kwenye simu, shemeji alinitumia picha. Chasisi inaanza na ACA36, nyingine naificha kwa usalama. Dalali gani anawaanikia hivyo?

Mzee wa Spea
Achaneni na chai kidogo. Mkuu, soma tena polepole. Umesema ACA36?

Msambaa wa Tegeta
Ndiyo. ACA36W, halafu namba.

Mzee wa Spea
Pole. ACA36 inavuta kwa tairi za mbele tu. Inayovuta nne ni ACA31. Kwa nje ni gari ile ile, injini ile ile ya 2.4, hata mtu wa yadi anaweza kupitiwa. Uliyotolea hela itakwama pale pale ilipokwama ile ya kuazima, tofauti yake imenyanyuka zaidi.

Msambaa wa Tegeta
Haiwezekani. Shemeji kaniambia RAV4 zote ni 4WD. Hiyo 4 kwenye jina ni ya nini basi?

Mzee wa Spea
Usibishane na mimi, nenda kaingie uvunguni. Kama hakuna propela, ile shafti ndefu inayotoka mbele, na katikati ya tairi za nyuma hakuna difu, lile bonge la gia, ni tairi mbili. Ndani, ile inayovuta nne ina kitufe cha kufunga 4WD kwenye dashibodi. Kuangalia ni bure.

Kitaa Kimya
Kama ni kweli, narudisha maneno yangu. Kaangalie, utuletee mrejesho.

Msambaa wa Tegeta
Mrejesho. Nimetoka yadi sasa hivi. Difu hakuna, propela hakuna, kitufe hakuna. Shemeji anasema hata yeye hakujua, na naona kama anasema kweli, alikuwa amelala chini pamoja nami anatafuta hiyo difu. Ila hela haitoki, imeshatumika kutoa gari nyingine bandarini. Nichague nyingine hapo hapo: X-Trail ya 2010 au Toyota Vanguard ya 2009, zote za kuongezea hela.

Nawaza niichukue tu RAV4 nifunge tairi za matope. Nyumbani tunapanda mara moja kwa mwaka.

Boxer Damu
Tairi za matope kwenye gari ya kuvuta mbele, mlima wa udongo, watu wamejaa na mizigo nyuma? Ukipanda, uzito wote unaenda nyuma, tairi za mbele zinabaki kupangusa matope.

Mama Wanne
Umefungua uzi kwa sababu watoto walilala barabarani. Leo imekuwa "mara moja kwa mwaka"? Halafu hesabu watu. Watoto wangapi?

Msambaa wa Tegeta
Watatu. Na mimi na mke wangu.

Mama Wanne
Na mama. Sita. Forester, X-Trail na RAV4 ulizotaja zote ni viti vitano. Wanaume mmejadili mikanda na oili tangu jana, hakuna aliyehesabu vichwa.

Msambaa wa Tegeta
Mdogo atapakatwa na mama yake, ana miaka mitatu tu.

Mama Wanne
Kutoka Tegeta mpaka Mtae, kona zote zile, mtoto mapajani? Gari ikifunga breki ghafla mikono ya mama haimzuii. Hapo sikuungi mkono hata kidogo.

Mzee wa Spea
Dada yuko sahihi, na mimi lilinipita. Vanguard ziko za viti saba. Chasisi yake kwenye kadi inaanzaje? Na ya X-Trail?

Msambaa wa Tegeta
X-Trail ni NT31. Vanguard ni ACA38, viti saba.

Mzee wa Spea
NT31 inavuta nne, ina kitasa cha kuzungusha cha 2WD, AUTO na LOCK, lakini viti vitano. ACA38 ina viti saba lakini inavuta mbele tu. Unayohitaji ni ACA33 ya viti saba. Injini ni ile ile ya 2.4, kwa hiyo usisahau kijiti cha oili.

Mama Wanne
Basi hela si ipo kwa shemeji? Aandike karatasi leo kwamba ana milioni 6 zako, akutafutie ACA33. Kwa sasa mama apande basi mpaka Dar, mkampokee stendi ya Magufuli.

Msambaa wa Tegeta
Hiyo karatasi ndiyo ngumu kuliko gari. Ngoja niongee na mke wangu kwanza, ndiye atakayempigia kaka yake.