Naomba ushauri: spika ya inchi 12 kwa gitaa la solo la dansi

Ndugu zangu wapiga gitaa, heshima kwenu. Napiga solo katika bendi ya dansi hapa Mtwara, na spika ya amplifaya yangu ya wati 40, ambayo ni moja ya inchi 12 yenye ukinzani wa umeme wa omu 8, imechanika karatasi baada ya miaka mingi ya kupigiwa Mikindani, karibu kabisa na bahari. Fundi amenishauri nifunge spika yoyote ya muziki, lakini nasita, kwa kuwa spika ya gitaa haikutengenezwa kutoa sauti zote kwa usawa: hupunguza sana sauti nyembamba zinazopita takribani hezi 5,000, na hapo ndipo ukali unapogeuka utamu.

Nimebakiwa na spika mbili za gitaa za kuchagua. Celestion G12M Greenback ina sauti ya kati iliyo nzito na laini, ila hubeba wati 25 tu, nami nahofia koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) itaungua katikati ya harusi. Jensen C12N hubeba wati 50 na hung'aa zaidi. Solo la dansi linahitaji mng'ao huo, mradi usichome masikio. Je, mliozitumia mngechagua ipi, na ikiwa mpya huchukua muda gani kupigwa hadi ilainike?